Shajara ya mradi: imeili ya ofisi inahama kutoka seva ya chini ya ngazi kwenda klaudi

Juni mwishoni, 2025

Bajeti imepita, tunahama. Imeili ya kampuni inatoka kwenye seva yetu wenyewe, ile ya kwenye kachumba ka chini ya ngazi, inaenda klaudi, yaani kwenye seva za Microsoft wenyewe, huduma yao ya Microsoft 365. Tupo Dar, kampuni ya kliaringi na usafirishaji, akaunti sitini na ushee ukihesabu na za watu walioshaacha kazi, na shughuli yote inapita kwenye imeili, BL (hati ya mzigo wa meli), invoisi, asesimenti za ushuru, picha za kontena lililobonyea, yaani kila kitu. Imeili ikilala nusu siku kuna kontena mahali linahesabiwa storeji na mteja anampigia Mzee, bosi wetu, moja kwa moja, hapigi risepsheni.

Seva inaendesha Zimbra 8.8.15, programu ya imeili, juu ya CentOS 7, mfumo endeshi wake, na waliopo kwenye hizi kazi hapo wameshaguna. Hiyo Zimbra iliacha kuhudumiwa mwisho wa 2023, CentOS 7 ikafuata tarehe 30 Juni 2024, kwa hiyo viraka vya usalama haviji tena toka hapo, na Zimbra sio kitu cha kukiacha uchi kwenye intaneti. 2022 kulikuwa na lile tobo la cpio (programu ya kufungua faili zilizofungashwa), seva ilikuwa inaingiliwa kwa imeili moja tu yenye kiambatisho, mtumiaji hata asiifungue, ule mfumo wa kukagua virusi ndio uliokuwa unafungua faili na mlango unafunguka hapohapo. Juu ya hilo kuna diski moja kwenye RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) inawaka taa ya njano, AC ya chumba inavuja maji pembeni ya raki, na betri za UPS zinashika dakika chache tu ndio jenereta iwe imewaka. Ikiwa imewaka.

Mzee alikuwa na swali lake moja na alilishikilia vikao vyote. "Sasa kijana, mtandao ukikatika si ndio tumekwisha?" Swali la haki kabisa, kila mtu hapa anaikumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu baharini siku moja na intaneti ya nchi nzima ikawa inatambaa. Nikamwambia Mzee, hivi sasa mtandao wa ofisi ukikata imeili ya mteja haina pa kutua, seva ya aliyetuma inabaki inajaribu tena na tena, kawaida siku nne tano, halafu inakata tamaa inamrudishia mwenyewe. Ikiwa klaudi inatua hata kama sisi tumelala giza, na mwenye haraka anaisoma kwa simu kwa bando lake. Akanyamaza kidogo halafu akauliza bei. Mzee akishauliza bei ujue hoja imeisha.

Bei ni kwa kichwa kwa mwezi, msingi wake ni dola ila wakala wa hapa anatuandikia invoisi kwa shilingi, kwa hiyo dola ikipanda na sisi tunapanda nayo. Hilo nimeliandika wazi kwenye pendekezo asije mtu akashangaa mwakani.

Wiki ya kuelekea Saba Saba

Wiki hii sijahamisha hata barua moja, na nafikiri ndio wiki muhimu kuliko zote. Watu wanaona kazi ni kuhamisha barua, lakini barua zina programu zake, unaipa paswedi inakopi wewe unakunywa chai. Kinachoua hii miradi ni vitu vilivyojishikiza kwenye seva kimyakimya miaka yote ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuviandika popote, na utavijua siku ya kuzima.

Nikaanza na rahisi, amri ya `zmprov gqu` inakutolea kila akaunti na uzito wake. Wengi wapo GB 5 mpaka 15. Watu wa operesheni wapo 30 na kitu. Mzee GB 71. Hafuti kitu huyu, na hana folda, ni inboksi moja ndefu na anatafuta kwa kuandika jina la meli. Jumla inakaribia GB 700. Nikatoa na orodha ya makundi na majina ya bandia, info, accounts, import, na ile ya "wote" ambayo imekuwa ya kutangazia misiba na michango ya harusi.

Halafu nikamkalisha dogo wa fildi na logi za Postfix (programu ya ndani ya Zimbra inayotuma na kupokea imeili) za mwezi mzima, nikamwambia nitafutie kila IP, yaani anwani ya mtandao, ya ndani inayotuma imeili na sio laptopu ya mtu. Nilitegemea vitu viwili vitatu. Akarudi mchana na karatasi imejaa pande zote, "kaka hivi hii 192.168.1.40 ni nini, maana inatuma hata saa nane usiku".

Ilikuwa DVR, mashine inayorekodi kamera. Mbali na hiyo kuna printa mbili zinazoskani kwenda imeili, moja ya ghorofani ya kitambo sana, kuna mashine ya vidole inayotuma ripoti ya mahudhurio kila asubuhi kwa mtu wa rasilimali watu, kuna programu ya uhasibu inayotuma invoisi na stetimenti kwa wateja, na kuna UPS. Hiyo UPS ndio imenichekesha. Ina kadi ya mtandao, kila umeme ukikata inatuma taarifa, ukirudi inatuma tena, na inamtumia mtu wa IT aliyekuwepo kabla yangu ambaye akaunti yake haikuwahi kufungwa. Nikaifungua, taarifa maelfu hazijasomwa, umekatika, umerudi, umekatika, umerudi, na tarehe na saa kila moja. Historia nzima ya umeme wa mtaa wetu ipo pale imekaa inasubiri msomaji.

Kitu kingine kilichotoka ambacho hakichekeshi ni fowadi. Kuna akaunti mbili zilikuwa zinapeleka nakala ya kila imeili kwenye Gmail binafsi. Mmoja yupo, kasema ni kwa ajili ya kusoma akiwa Tunduma mpakani, sawa, tutampa njia nzuri zaidi. Mwingine aliacha kazi. Yaani alishaondoka, ana kazi nyingine, na bei zetu na mawasiliano ya wateja yanaendelea kumfuata kwenye simu yake. Nimeifunga siku hiyohiyo na kumtaarifu Mzee kwa mdomo, sio kwa imeili.

Baada ya Saba Saba

Mambo ya makaratasi kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina masharti yake kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Sisi tuna kopi za pasipoti, TIN, mikataba ya madereva, zote zimelala ndani ya imeili. Data senta za Microsoft zilizo karibu nasi zipo Afrika Kusini, Johannesburg na Cape Town, zilifunguliwa 2019, kwa hiyo hata ukichagua ya jirani bado umevuka mpaka. Hilo nimemwachia wakili wa kampuni alishughulikie na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, mimi kazi yangu ilikuwa kumpa orodha ya taarifa zilizopo na zinakokwenda. Ukianza na fundi ukamaliza na wakili utarudia kazi, bora wakili aingie mapema.

Laiseni tumegawa kwa matumizi, sio kwa cheo. Wanaokaa mezani na Outlook na Excel siku nzima wamepata Business Standard. Watu wa yadi na wa bandarini wamepata Basic, wanatumia simu na brauza, inawatosha. Mzee boksi la kawaida la GB 50 halimtoshi na kumwambia apunguze ni ndoto, amepewa Exchange Online Plan 2 ambayo ni GB 100. Meneja mmoja kalalamika kwa nini yeye yupo sawa na wa operesheni, nimemwambia uliza fedha.

Info na accounts na import zinakuwa maboksi ya pamoja. Hapa ndio nimefurahi mno. Paswedi ya info ilikuwa inajulikana na nusu ya ofisi, imebandikwa kwenye kompyuta ya risepsheni kwa sticki ya njano. Boksi la pamoja halihitaji laiseni likiwa chini ya GB 50, na halifunguliwi kwa paswedi yake, mtu anaingia kwa jina lake na ruhusa aliyopewa, akiacha kazi unamtoa yeye peke yake na wengine hawajui hata kama kuna kitu kimetokea. Za walioacha kazi nazo nimezipanga hivyohivyo, mameneja wao wanaziona, basi.

Domeni nimeithibitisha kwa kuweka rekodi ya TXT kwenye DNS, daftari la anwani za intaneti, na TTL (sekunde ambazo seva nyingine zinakumbuka rekodi) ya MX, rekodi inayosema imeili zetu ziende seva gani, ilikuwa 86400, yaani siku nzima, nimeishusha mpaka 300. Hii ifanyike mapema. Ukiishusha jioni ileile ya kuhama haina maana kwa sababu dunia nzima bado inakumbuka ile ya zamani mpaka kesho yake.

Uthibitisho wa hatua mbili umeleta kasheshe ya aina yake. Microsoft wanataka uweke programu yao ya Authenticator kwenye simu, vijana hawana shida, ila kuna mzee wa stoo ana kitochi na hana mpango wa kununua smatifoni kwa ajili ya imeili ya kazi, na ana haki. Nimeacha ile mipangilio ya jumla, nikaweka mtu mmoja mmoja, yeye anapokea namba kwa SMS. SMS sio imara kama programu lakini ni bora mara mia kuliko paswedi tupu ya "Stoo123".

Katikati ya Julai, usiku

Kukopi kumeanza. Njia niliyochagua ni ya IMAP, itifaki ya kusoma imeili zilizo kwenye seva, unaandaa faili la CSV (jedwali la maandishi) lenye anwani, jina na paswedi ya kila mtu, Microsoft wanakuja wenyewe kuvuta kutoka kwenye seva yako kupitia poti 993. Kwa kuwa inataka paswedi, watu wote wamepewa mpya kwenye seva ya zamani, kwenye karatasi, mkononi, mmoja mmoja. Kelele zimekuwepo. Faida yake ni kwamba paswedi zote zilizokuwa zimesambaa mitaani zimekufa siku moja.

Poti nimeifungua kwa IP za Microsoft tu, na cheti cha TLS (usimbaji wa mawasiliano) cha seva kilikuwa cha kujitengenezea, nikaweka cha Let's Encrypt, watoa vyeti wa bure, kwa sababu kisichotambulika kinakataliwa.

Hesabu ya kasi, maana huwa watu wanaiachia Mungu. Laini yetu ya kupandisha ni Mbps 20. Hiyo ikijaa kabisa ni MB 2.5 kwa sekunde, GB 9 kwa saa, na haijai kabisa. Halafu kiambatisho kikiwa ndani ya imeili kinakuwa kimegeuzwa maandishi ya base64, kinaongezeka theluthi nzima ya uzito, PDF ya MB 9 inasafiri ikiwa MB 12. Kwa hiyo GB 700 sio za wikiendi moja hata ungekesha na kuomba. Nimegawa makundi kwa idara, mchana nimeibana kwenye ruta ipate kipande kidogo ili watu wafanye kazi, ikifika saa moja jioni naiachia yote.

Kizuri ni kwamba inaanza na imeili mpya kwenda za zamani. Hata kama siku ya kuhama kuna mtu hajamaliza, atakuta za mwezi huu na mwaka huu zipo, za 2014 zitamfuata. Na kundi likishamaliza linarudi lenyewe kila baada ya saa 24 kuchukua zilizoongezeka.

Mipaka yake: haigusi kontakti wala kalenda, inaishia vitu laki tano kwa boksi moja (Mzee anaunyemelea ila hajafika), na imeili yenye zaidi ya MB 35 inarukwa. Zetu zilizorukwa ni nyingi kuliko nilivyodhani, maana mtangulizi wangu aliinua kikomo cha Zimbra mpaka 50, na kuna kitengo kinaskani nyaraka za forodha kwa rangi, kwa ubora wa juu kabisa, kurasa arobaini, faili moja. Ripoti inakutajia kila iliyorukwa na boksi lake, hizo tunazivuta kwa mkono kupitia Outlook. Na printa yao nimeipunguza iwe nyeusi na nyeupe dpi 200, hakuna aliyegundua tofauti.

Kalenda na kontakti nimezitoa Zimbra kama ICS na CSV na kuziingiza upande wa pili. Kalenda ya magari ndio iliyonichukua muda, kila safari imewekwa na mtu tofauti kwa staili yake, na safari za kujirudia za kwenda Kwala zimeingia mara mbili mbili, nimekaa na dispacha tumefuta moja moja.

Julai mwishoni

Mashine sasa, zile za karatasi ya dogo.

Printa ya ghorofani haijui TLS 1.2 na Microsoft kwa kawaida hawapokei uthibitisho wa chini ya hapo. Kununua printa mpya kwa ajili ya skani mbili kwa siku Mzee angenitimua. Nimechukua desktop iliyokuwa imelala stoo, nimeweka Postfix ndani, inapokea kutoka mtandao wa ndani tu, inapeleka Microsoft kwa poti 25 kupitia konekta, mpangilio wa upande wa Microsoft unaotutambua kwa IP yetu ya kudumu. Printa, DVR, mashine ya vidole, programu ya uhasibu, UPS, wote sasa wanaongea na hiyo desktop na hakuna aliyebadilishwa zaidi ya anwani ya seva. IP yetu nimeiingiza kwenye SPF, rekodi ya DNS inayotaja nani anaruhusiwa kutuma kwa domeni yetu, pamoja na ile include (kipande kinachovuta orodha ya mwingine) ya Microsoft. SPF ina kikomo cha kutafuta DNS mara 10, ukijaza include za kila huduma utapita bila kujua na rekodi nzima inahesabika mbovu, sisi tupo chini kwa mbali.

Kuna watu wameniomba waanze kutumia klaudi mapema "kwa majaribio". Nimekataa. Domeni moja ikiwa na maboksi pande mbili, aliye klaudi akimtumia mwenzake wa ofisini barua inabaki klaudi, na wa ofisini akimtumia aliye klaudi inabaki Zimbra, kila upande unaamini ndio wenye domeni na hautoki nje kuuliza. Ipo njia ya kuwaunganisha, lakini kwa ofisi ya akaunti sitini ni kujitafutia kazi. Tunahama wote usiku mmoja.

Usiku gani? Fedha wamesema wasiguswe kuelekea tarehe 20 kwa ajili ya ritani ya VAT. Operesheni hawataki mwisho wa mwezi. Nane Nane mwaka huu ni Ijumaa, sikukuu, na Jumamosi tunafanya nusu siku. Tunahama Alhamisi usiku.

Alhamisi tarehe 7 Agosti kuamkia Nane Nane

Saa moja jioni nimepita kila meza kuhakikisha Outlook zimefungwa. Dada wa operesheni alikuwa bado anasubiri BL kutoka kwa wakala wa meli, nimemsubiri mpaka saa mbili kasoro, ikaja, akatuma, akazima.

Saa mbili: makundi yote yamevuta mara ya mwisho, hakuna lililogoma. MX imebadilishwa kwenda ile ya mail.protection.outlook.com, autodiscover (inayoielekeza Outlook seva ilipo) imewekwa, SPF imewekwa, DKIM, yaani saini ya kidijitali kwenye barua zetu, nimeweka zile rekodi mbili za CNAME za selector1 na selector2 na kuiwasha. Dogo amekaa na `dig`, amri ya kuuliza DNS, anauliza seva za Google, za Cloudflare, za mtandao wetu, moja baada ya nyingine anasema "bado... bado... hii imeshaona". Baada ya robo saa zote zimeona. Imeili ya kwanza kutua klaudi kutoka nje ni tangazo la semina ya forodha kwenda info. Dogo kapiga makofi.

Seva ya zamani sijaizima. Zimbra bado inaamini domeni ni yake, kwa hiyo chochote kitakachofika pale kingezikwa palepale kwenye maboksi ambayo hakuna anayeyaangalia tena. Nimebadilisha zimbraMailTransport ya kila akaunti ielekee Microsoft, ikipokea kitu inakisukuma mbele. Nimejaribu kwa kujitumia kupitia kwake, imefika klaudi ndani ya sekunde chache.

Ijumaa, sikukuu

Nilijua kuna seva za watu hazitaheshimu TTL. Mpaka mchana kuna mbili zilikuwa bado zinakuja mlango wa zamani, moja ya wakala wa meli na moja ya benki. Zimesukumwa mbele zote, logi inaonyesha. Kuelekea jioni zimeacha.

Lililonipa kazi ni fomu ya "wasiliana nasi" ya tovuti. Nimeijaza, imesema asante tumepokea, info hakuna kitu. Nimejaza tena, hakuna. Kwenye logi za Microsoft hakuna dalili kabisa, haikufika wala haikukataliwa. Tovuti yetu ipo kwenye hosti (seva ya kampuni inayotunza tovuti) ya cPanel, paneli ya kuendeshea tovuti, na cPanel kwenye Email Routing ilikuwa imewekwa Local Mail Exchanger, maana yake hosti inaamini na yenyewe ndio seva ya imeili ya domeni yetu, haitazami MX hata kidogo, inajiwekea tu. Nimebadilisha iwe Remote, fomu imefika papo hapo. Halafu nikafungua maboksi ya hosti yenyewe kwa udadisi na kukuta maulizo ya wateja yaliyokuwa yanaangukia humo tangu tovuti ilipotengenezwa, watu wanaomba bei ya kutoa gari, bei ya kontena la futi 40 mpaka Lubumbashi. Kwa hiyo hata kabla ya mimi kugusa chochote ile fomu haijawahi kufika kwa mtu. Nimeyapakua yote nikampelekea mtu wa masoko, amekaa nayo kimya muda mrefu.

Jumatatu

Kelele ya leo karibu yote ni moja: "kontakti zangu zimepotea!" Hazijapotea. Outlook ukianza kuandika jina inakumalizia anwani, hiyo sio kontakti, ni kumbukumbu ya profaili ya Outlook kwenye laptopu hiyohiyo, na profaili mpya inaanza na kichwa tupu. Ila dada wa operesheni ana miaka tisa hajawahi kuhifadhi kontakti hata moja, anaandika herufi mbili na wakala wa Durban anatokea, kwake yeye ndio kitabu cha anwani na sina la kubishana naye. Suluhisho: nimetoa kwenye folda yake ya zilizotumwa anwani zote alizowahi kuziandikia, nikazipanga, nikaziingiza kama kontakti za kweli. Kafurahi akaniletea vitumbua. Sasa kila mtu anataka afanyiwe hivyo, na dogo ndio anawafanyia.

Mzee simu yake imewekwa, kanipigia saa tano, "mbona sasa hivi zinakuja haraka hivi". Nimesema shikamoo Mzee, ndivyo ilivyo.

Mzee wa stoo kapokea namba yake kwa SMS, akaingia mara ya kwanza. Meneja wa smatifoni ya bei mbaya kafuta Authenticator akidhani ni virusi.

Agosti mwishoni

Ritani ya VAT ya tarehe 20 imepita salama, fedha hawajapiga simu, hiyo kwangu ni cheti.

Sasa DMARC, rekodi inayowaambia wapokeaji wafanye nini na imeili za jina letu zisizopita SPF wala DKIM, ambayo ndio sababu yangu binafsi ya kuusukuma huu mradi. Mwaka jana mteja wetu mmoja alipokea invoisi yenye nembo yetu, anwani yetu, kila kitu chetu isipokuwa namba ya akaunti ya benki. Alipiga simu kuuliza kabla ya kulipa, bahati. Domeni yetu ilikuwa haina SPF ya maana wala DKIM, mtu yeyote angeweza kuandika kwa jina letu na seva ya mteja isingekuwa na namna ya kujua. Google na Yahoo toka Februari 2024 wanawabana wanaotuma kwa wingi wawe nazo zote, sisi hatutumi elfu tano kwa siku lakini hewa imebadilika kwa kila mtu.

Nimeweka DMARC ya p=none toka siku ya kuhama, haizuii kitu, inaleta ripoti tu, faili za XML zilizozipiwa kila siku kutoka kwa wapokeaji wakubwa. Dogo kaandika skripti ndogo ya kuzisoma. Zinaonyesha Microsoft zetu zinapita, desktop ya Postfix inapita, na kuna huduma moja ya kutuma matangazo ambayo mtu wa masoko aliifungua zamani kwa kadi yake na akasahau, bado inatuma salamu za sikukuu kwa wateja kwa jina letu. Imepewa DKIM yake. Zilizobaki ni IP za ajabu ajabu kutoka nchi ambazo hatuna mteja, chache, lakini zipo kila wiki.

Leo nimepandisha kwenda p=quarantine, hizo sasa zinaangukia spamu. Reject, ya kuzikataa kabisa, itafuata baada ya ritani ya Septemba, nikishaona ripoti za mwezi mzima hazina kitu chetu kilichokamatwa.

Seva ya zamani bado inawaka ila haifikiki kutoka nje. Kila boksi limetolewa kama tgz (faili lililobanwa) kwenye diski mbili za nje, moja kwenye sefu ya fedha na moja kwa wakili, mhasibu anasema nyaraka za kodi zinatunzwa miaka 5 kwa hiyo hizo haziguswi. Mkaguzi anakuja Oktoba, akimaliza nazima, diski zinafutwa kwa programu kisha zinatobolewa na drili ya mtu wa yadi. Raki ameshaiomba mtu wa stoo aweke mafaili, AC ameiomba kila mtu.